Knackered: ndiyo hali yangu, mwanangu

Mwanangu, swali lako nimelala nalo: "Shangazi, kila tukikupigia umechoka. Kwani huko Ulaya si mashine ndizo zinazofanya kazi?"

Nikujibu kwa neno la Waingereza wenyewe: knackered. Hutamkwa "nakad", k ya mwanzo haisikiki. Nililisikia wiki yangu ya kwanza kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, saa moja asubuhi, mwenzangu akivua aproni baada ya kukesha. Nilidhani amechoka tu. Kumbe uchovu wa kawaida usingizi mmoja unauondoa. Huu ni wa hoi bin taabani. Hata gari likifa injini huitwa hivyo hivyo.

Asili yake ndiyo iliyonichoma. Katika karne ya 16, knacker alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Baadaye jina likahamia kwa mnunuzi wa farasi waliochakaa: huwachinja, ngozi akaiuza, mifupa ikachemshiwa gundi, nyama wakalishwa mbwa na paka. Fikiria London ya karne ya 19, mabasi na mikokoteni vyote vinavutwa na farasi. Farasi akiishiwa nguvu, safari yake ya mwisho ilikuwa huko. Basi anayesema yuko knackered anasema amefikia hali ya farasi yule.

(Usije ukalitamka kwenye usaili wa kazi, wala mbele ya mtu mzima usiyemzoea. Linafanana mno na neno la mtaani la sehemu za siri za mwanamume.)

Sasa hizo mashine. Ipo ya kumwinua mzee kitandani, kweli. Lakini kumgeuza usiku kucha asitoke vidonda, kumwosha, kumbembeleza ale, ni mikono yangu hii. Saa 12 kwa zamu, zamu 5 kwa wiki, maana nikishalipa kodi ya nyumba na kutuma ada yako, pesa ya zamu 4 haifiki mwisho wa mwezi. Ada sikulaumu, niliibeba kwa hiari yangu. Ila nikisema nimechoka, usidhani nakwepa kuombwa hela. Nipe dakika 5, niambie bibi yako anaendeleaje na mguu wake, kisha uniache nilale.