Muulize Babu: Jumba la tajiri wa reli

SWALI: Shikamoo Babu. Mgeni niliyembebea mzigo mlimani alinionyesha picha ya jumba la The Breakers, ufukweni Newport, Marekani. Kweli lilikuwa la familia moja? – Mpagazi, Marangu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. La familia moja, vyumba 70, tena la kupumzikia kiangazi tu! Cornelius Vanderbilt II, tajiri wa reli, alilijenga 1893 hadi 1895, baada ya nyumba ya awali kuteketea 1892. Moto ulimtia hofu haswa: boila, yaani mtambo wa moto wa kuchemsha maji, aliiweka mbali, chini ya ardhi. Bafuni, bomba la maji baridi na la moto, halafu mengine ya maji ya bahari. Hapa Pasua tunagombania bomba moja! Alifariki 1899. Mwaka 1972 warithi waliliuza kwa chama kinachohifadhi majumba ya kale, dola 365,000.