Majibu kwa wasomaji: "UTI sugu" ambayo si UTI

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nimeolewa. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na UTI sugu. Kila nikipima mkojo naambiwa kuna usaha, napewa sipro, napata nafuu kama wiki mbili, halafu inarudi. Siku hizi naumwa chini ya kitovu, wakati wa tendo naumia kwa ndani, na baadaye natokwa na damu kidogo. Mama mkwe anasema ni choo cha kuchangia. Mtoto tunatafuta mwaka wa pili sasa. *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba. Huenda umekuwa ukitibiwa ugonjwa usio wako. UTI hukaa kwenye kibofu na njia ya mkojo: mkojo unabana kila mara, unatoka kidogo, unachoma, na dozi sahihi ya siku chache humaliza kazi. Haileti damu baada ya tendo. Damu hiyo, pamoja na maumivu ya ndani, inatuelekeza kwenye mlango wa kizazi, na huko wa kushukiwa kwanza ni magonjwa ya zinaa, klamidia na kisonono. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, ndiyo maana hukaa nayo miezi.

Mbona basi mkojo unaonyesha usaha? Kwa sababu uchafu wa ukeni huingia kwenye kichupa pamoja na mkojo. Darubini inaona chembe za usaha, haisemi zimetoka wapi. Na sipro inakudanganya: kisonono kimeizoea katika nchi nyingi, na klamidia haiimalizi kwa uhakika. Inatuliza tu, wadudu wanabaki.

Usinunue dozi nyingine. Nenda hospitali, omba mkojo uoteshwe, yaani maabara iangalie kama kuna wadudu wanaokua ndani yake. Nawa kwanza, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati. Usaha ukiwepo na kisiote chochote, hapo klamidia na kisonono vitafutwe. Kipimo kizuri zaidi kwa mwanamke ni kijiti cha pamba kinachopitishwa ukeni, kisha vinasaba vya wadudu vinatafutwa. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kazi hii ikiwa na katriji yake. Wakitumia mkojo, mambo yanageuka: usinawe, usiwe umekojoa kwa saa 1 nzima, na ukinge ule wa mwanzo kabisa, mililita 20 hivi. Wengi hutoa mkojo wa katikati kwa kipimo hiki, na mdudu anakosekana ilhali yupo. Pima pia ujauzito, VVU na kaswende.

Usisubiri mwezi ujao. Wadudu hawa hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mfuko wa uzazi na mirija, ndiyo hali inayoitwa PID. Mirija ikivimba huacha makovu. Yai halipiti, au linarutubishwa na kunasa humo humo, na hiyo ni mimba nje ya kizazi, inayoweza kupasuka na kuua kwa kuvuja damu tumboni. Huko Lund, Sweden, wanawake waliothibitishwa kuwa na PID walifuatiliwa kwa miaka: waliougua mara 1, asilimia 8 walikosa uzazi kwa sababu ya mirija, mara 2, karibu asilimia 20, mara 3 au zaidi, asilimia 40. Kila mzunguko wa "UTI imerudi" una gharama yake.

Daktari akithibitisha PID, dozi ya kawaida ni sindano 1 ya seftriaksoni, doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14, na metronidazo mara 2 kwa siku kwa siku hizo hizo 14. Doksisaiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, la sivyo inaunguza koo la chakula. Wajawazito hupewa dawa nyingine. Siku 3 zikipita bila nafuu, rudi. Homa kali, kutapika, au kuzimia na maumivu ya upande mmoja baada ya kukosa hedhi: hiyo ni safari ya usiku huo huo.

Choo cha kuchangia kimesingiziwa mengi. Klamidia na kisonono havipatikani chooni.

SWALI: Nimekutwa na trikomonasi, ule ugonjwa wa zinaa. Mume wangu anasema yeye hana dalili, kwa hiyo dawa ni zangu. Nikimeza peke yangu je? *Mama wawili, Mwanza*

JIBU: Utapona, kisha atakurudishia. Wanaume wengi wenye trikomonasi hawana dalili kabisa. Mmeze wote kipindi kimoja, na msikutane hadi zipite siku 7 tangu wa mwisho amalize dozi. Wewe rudi upime baada ya miezi 3. Mdudu huyu anaweza kukaa mwilini kwa miezi bila kujitangaza, kwa hiyo kipimo hakisemi nani alianza wala lini. Mwambie hivyo kabla maneno hayajawa makali. Kama unahofia kupigwa, mwambie muuguzi kwanza, mpange namna ya kumwita kliniki.

SWALI: Eti kupima saratani ya mlango wa kizazi wanapaka siki? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndiyo, asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5. Husubiriwa dakika 1; sehemu yenye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi huunguzwa kwa joto au kugandishwa siku hiyo hiyo. Chanzo ni virusi vya HPV, na aina za 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kondomu hupunguza maambukizi lakini haizuii yote, kwani virusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Usiende siku za hedhi. Ukitibiwa, utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Kaa bila tendo wiki 4.