Ufunguo uko kwa nani? Maswali yenu kuhusu wakili aliyefungwa

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: wakili wa haki za binadamu yuko ndani, na watu wake wanataka atoke. Mifano tuliyotumia ni ya Tanzania, Uganda, Burundi na Ghuba.

Wakili wetu amechukuliwa na watu waliovaa kiraia. Kila kituo kinasema hayupo. Tuanzie wapi? (Morogoro)

Anzeni na daftari. Andikeni saa, mahali, namba ya gari, nani aliona, alivaa nini, anatumia dawa gani. Kisha watu wawili wawili waende vituoni, na kila wanapojibiwa "hayupo" waandike jina au cheo cha askari wa zamu na saa aliyotoa jibu. Hilo "hayupo" lina kazi baadaye: ndilo litakalobeba kiapo cha maombi ya habeas corpus Mahakama Kuu, yaani maombi ya kutaka mtu aletwe mbele ya jaji. Kiapo kinachosema "tunaamini polisi wanaye" ni chepesi. Kinachotaja nani aliona nini, saa ngapi, na nani alikana, kina uzito.

Mjue pia saa zenu. Katiba ya Kenya inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ya Uganda saa 48. Msimu nao una mchango wake. Tito Magoti, ofisa wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alichukuliwa Mwenge, Dar es Salaam, Ijumaa ya Desemba 20, 2019, akapandishwa Mahakama ya Kisutu siku moja kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata, Desemba 22, 2020, ikawa zamu ya Nicholas Opiyo, wakili wa haki za binadamu, jijini Kampala. Mwenye orodha ya majaji na makarani wa zamu wa kipindi cha likizo hapotezi siku tatu akitafuta namba ya simu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba simu yake ina wateja wake. Mtoeni haraka kwenye makundi ya WhatsApp ya kazi, badilisheni nywila za ofisi, na waarifuni wateja walio hatarini. Ila msifute chochote kutoka mbali kwenye kifaa kilichokwisha kukamatwa. Hilo linaweza kugeuka kosa la kuharibu ushahidi, na mtakuwa mmeongeza mshtakiwa wa pili.

Familia inataka tunyamaze, eti kuna mkubwa anashughulikia. Tufanyeje? (Bukoba)

Neno la familia litangulie, lakini la mfungwa mwenyewe ndilo kubwa. Wakili anayemtembelea amwombe idhini ya maandishi, tena kwa vipengele: picha ipi itumike, ugonjwa utajwe au usitajwe, watoto waonekane au wasionekane. Idhini ya jumla jumla huleta ugomvi mwezi wa pili.

Kuhusu huyo mkubwa, kubalini kimya chenye tarehe ya mwisho. Siku saba, kwa mfano. Mambo matatu yasiingie kwenye kimya hicho hata kidogo: jina lake, mahali alipo, na kama ameonana na wakili. Mtu ambaye hakuna anayejua yuko wapi ndiye anayeumizwa kirahisi.

Tumeandikia barua hakimu, waziri, Rais na mabalozi sita. Hakuna aliyejibu. (Dodoma)

Mmegonga milango yote bila kuuliza ufunguo uko kwa nani. Kila hatua ya kesi ina mwenye ufunguo wake, na mtu huyo hubadilika.

Kabla ya mashtaka, ufunguo uko kwa polisi. Baada ya mashtaka, tazameni kosa lenyewe. Kwa Tanzania, utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Mahakama Kuu iliwahi kutamka mwaka 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Katiba, na Agosti mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikalirudisha katika shauri la Dickson Sanga. Kwa hiyo Magoti, aliyeshtakiwa kwa kosa hilo pamoja na mengine, alikaa rumande mwaka mzima kesi ikitajwa na kuahirishwa kwa sababu ileile: upelelezi haujakamilika. Kumlalamikia hakimu wa Kisutu hakungemtoa. Mwenye ufunguo alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye anaweza kuondoa shtaka au kulibadili likawa lenye dhamana.

Linganisheni na Eron Kiiza wa Uganda. Januari 7, 2025 alikwenda Mahakama Kuu ya Kijeshi, Makindye, kumtetea mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, akaishia kuhukumiwa yeye miezi tisa kwa kuidharau mahakama. Kupigia kelele maofisa waliomfunga kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mlango ulikuwa mahakama za kiraia: Januari 31 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kuwashtaki raia kwenye mahakama za kijeshi kunakiuka Katiba, na Aprili Mahakama Kuu ikampa Kiiza dhamana.

Akishahukumiwa, ufunguo uko kwenye rufaa. Msamaha wa Rais huja mwisho kabisa, na kwa tahadhari. Unamhusu aliyetiwa hatiani. Ukimwombea mtu wa rumande msamaha, umekwisha kusema kwamba amekosa.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa weka jina lake kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, namba ya kesi, mahakama na tarehe itakayotajwa tena. Kisha ombi moja ambalo msomaji wake ana mamlaka ya kulitekeleza. Kama serikali inamchanganya na wateja wake, itajeni Kanuni ya 18 ya Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wajibu wa Mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990: wakili asihesabiwe kuwa ndiye mteja wake, wala shauri la mteja lisifanywe lake. Pelekeni kwa mkono mkiwa na nakala mbili, na ya kwenu igongwe mhuri wa masjala. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa, mbele ya chombo chochote cha kimataifa, ni kama haikuandikwa. Na hakimu mwenye kesi mkononi msimwandikie kabisa. Hiyo ni kuingilia mahakama, na upande wa mashtaka utaifurahia.

Tukimwandikia gerezani, barua zitamfikia? (Eldoret)

Nyingine zitamfikia. Andikeni lugha ambayo askari magereza wa pale anaisoma, maana barua asiyoielewa ataiweka kando. Ukurasa mmoja, kalamu ya kawaida, bila pini, bila stika, bila noti ndani. Ipeni kila barua namba: akipokea ya 4 na ya 7 atajua mbili zimebaki ofisini, na wakili wake ataziulizia. Tumieni sanduku la posta la kampeni badala ya anwani ya nyumbani. Msiguse kesi, kwa kuwa barua husomwa na yaweza kuwa kielelezo. Mwambieni mvua imenyesha, mtoto wa jirani amefaulu, Gor Mahia wamefungwa tena.

Msimwahidi kutoka. Aliyeandikiwa "Pasaka tutakuwa nawe" huihesabu hiyo Pasaka.

Na barua zinazozuiwa hazipotei bure. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki kwa vipindi vya kawaida. Orodha ya barua zenye namba na tarehe, zisizofika, inaonyesha wazi kwamba haki hiyo inabanwa.

Tupeleke shauri Geneva, Banjul au Arusha? (Bujumbura)

Arusha kuna mahakama mbili, na watu huzichanganya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu haitawapokea: raia na asasi hufika moja kwa moja tu kama nchi yao imetoa tamko maalumu la kuwaruhusu. Burundi, Uganda na Kenya hazikulitoa. Rwanda ilijitoa mwaka 2016, na Tanzania ikatangaza kujitoa Novemba 2019, ingawa ndiyo mwenyeji wa mahakama yenyewe.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ni nyingine. Hii inamsikiliza mkazi yeyote wa nchi mwanachama, wala haidai kwanza mmalize mahakama za nyumbani. Kisheria haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, lakini tangu shauri la Katabazi la mwaka 2007 imekataa kufumba macho pale Mkataba wa Jumuiya unapovunjwa kwa sababu tu haki za binadamu zimetajwa ndani yake. Kinachowaangusha watu ni muda: miezi miwili tangu kitendo kitokee au mlipokijua. Msitegemee hoja kwamba "bado yuko ndani, kwa hiyo ukiukaji unaendelea". Mwaka 2012, katika rufaa ya Kenya dhidi ya IMLU, shirika la haki za binadamu la huko, kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kiliikataa hoja ya namna hiyo. Andikeni tarehe ya kukamatwa ukutani na muihesabu.

Banjul, kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, lazima kwanza mmalize njia za ndani au muonyeshe kwamba zimecheleweshwa kupita kiasi. Geneva kuna Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uwekwaji Kizuizini Kiholela, chenye wajumbe watano. Chenyewe hakidai mmalize mahakama za nyumbani. Mnajaza dodoso lao, serikali inapewa siku 60 kujibu, kisha wanatoa maoni. Mtu akiwa mgonjwa au akiteswa, ombeni rufaa ya dharura, ambayo haisubiri siku hizo. Wanaoshindwa hapa ni wanaojaza sifa za mtu badala ya sheria: alikamatwa na nani, kwa hati gani, alionana na wakili siku ya ngapi, alifikishwa kwa hakimu siku ya ngapi.

Maoni ya Kikosi Kazi hayafungui geti yenyewe. Mohammed al-Roken, wakili wa Falme za Kiarabu, alikamatwa Julai 2012 na kuhukumiwa miaka kumi mwaka uliofuata. Kikosi Kazi kilisema kizuizi chake ni cha kiholela. Miaka kumi ikaisha Julai 2022, hakutoka, na Julai 2024 akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi nyingine. Tarehe ya kumaliza kifungo iandikwe mapema kwenye kalenda ya kampeni, na barua zianze miezi sita kabla yake.

Kwa Burundi kwenyewe, someni kesi ya Tony Germain Nkina. Alikamatwa Oktoba 2020 huko Kabarore, Kayanza, alikokwenda kumwona mteja wa mgogoro wa ardhi, akashtakiwa kushirikiana na waasi. Akapewa miaka mitano, na rufaa ya kwanza ikagonga mwamba. Shauri lilipanda Mahakama ya Juu, likarudishwa kusikilizwa upya, naye akaachiwa huru Desemba 2022. Kampeni iliyokufa baada ya rufaa ya kwanza kushindwa isingekuwepo siku hiyo.

Tuchangishe fedha kwa simu ya mke wake? (Mwanza)

Hapana. Magoti alishtakiwa kutakatisha zaidi ya shilingi milioni 17. Opiyo alishtakiwa kosa hilohilo kwa fedha zilizoingia kwenye akaunti ya shirika lake. Mnapomrundikia shemeji michango kutoka namba mia mbili, mnatengeneza taarifa ya benki ambayo mtu atakuja kuisoma kwa sauti mahakamani.

Gaweni mafungu matatu yasiyochanganyika. La wakili lilipwe moja kwa moja kwa kampuni ya uwakili, kwa ankara na risiti. La familia liwe kiasi maalumu kila mwezi, kwa karatasi ya kusaini. La kampeni ni la nauli za siku za kesi, nakala za mwenendo wa shauri na tafsiri. Watia saini wawe wawili, na asiwemo ndugu wa damu. Fedha za nje zipitie shirika lililosajiliwa, zikiwa na mkataba ulioandikwa kabla hazijatumwa.

Tuko Muscat na wengine Toronto. Tusaidieje? (Msomaji wa Oman)

Mlio Ghuba, msichangishe na msikusanyike hadharani bila kibali. Oman na Falme za Kiarabu hilo ni kosa, na hamtamtoa mtu gerezani kwa kuingia gerezani. Fanyeni tafsiri: hati ya mashtaka kwa Kiingereza na Kifaransa ni kazi ya wiki nzima ambayo daima inakosa mtu.

Wa Toronto mna nafasi zaidi. Mwombeni mbunge wenu aulize kwa maandishi kama ubalozi utapeleka mtu kusikiliza kesi. Mwangalizi akae kimya, aandike, na aje hata siku ya kutajwa tu. Fulana zenye picha zibaki nje ya mahakama. Vyama vya mawakili vya nje huandikia serikali pia, na Januari 24, Siku ya Wakili Aliye Hatarini, inayokumbuka mauaji ya mawakili katika mtaa wa Atocha mjini Madrid mwaka 1977, ndiyo siku ambayo huwa wanatafuta kesi za kuzisemea. Wapelekeeni taarifa ya ukurasa mmoja tangu Novemba.

Amekubali kukiri kosa ili atoke. Ametusaliti? (Iringa)

Magoti na mwenzake, Theodory Giyan, walitoka Januari 2021 kwa makubaliano ya kukiri kosa na kulipa fidia, baada ya mwaka wa rumande. Uamuzi ni wa aliyelala sakafuni, si wa aliye mtandaoni. Kabla hajasaini, wakili amweleze mambo mawili: kiasi cha kulipa na lini, na hatia hiyo itaifanyia nini leseni yake ya uwakili. Nyinyi ondoeni mabango ya "hana hatia" asubuhi ya siku hiyo, yasije yakaharibu makubaliano mbele ya hakimu.

Ametoka kwa dhamana. Tufunge ofisi? (Kampala)

Opiyo alipata dhamana Desemba 30, 2020, lakini mashtaka yaliondolewa Septemba 2021. Miezi yote hiyo kati ilikuwa bado kesi. Someni masharti ya dhamana kabla ya kupiga ngoma getini: yawezekana amekatazwa kuzungumzia shauri, na video ya shangwe ikamrudisha ndani. Msimamisheni kwenye mikutano akitaka mwenyewe, tena baada ya kuonana na daktari. Daftari la siku ya kwanza mkabidhini wakili wake, maana madai ya fidia ya kukamatwa kinyume cha sheria yatahitaji majina ya wale askari wa zamu.