Ukiajiriwa kwenye miradi ya ubia, anza na viambatisho

Wewe uliyeingia juzi kwenye kitengo cha ubia wa serikali na sekta binafsi, au kwa washauri kule Upper Hill, Nairobi, wiki ya kwanza utapewa michoro ya kupendeza na muhtasari wa mradi. Ipitie haraka uiweke kando. Omba mkataba wenyewe, ufungue nyuma, kwenye viambatisho. Huko ndiko imeandikwa nani atalipa mambo yakienda mrama.

Tazama Expressway yetu ya Nairobi, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilipofunguliwa Mei 2022, gari dogo lililipa shilingi 360 kwa safari nzima. Januari 2024 ikawa 500. Lami ni ileile. Kilichobadilika ni shilingi, iliyoporomoka mbele ya dola, na hesabu za ada zimefungwa kwenye dola. Kwa hiyo hatari ya sarafu anaibeba dereva, si mwekezaji. Ukikutana na fomula ya namna hiyo, fungua Excel: weka dola kwa 110, kwa 130, kwa 160, uone ada inafika wapi, kisha ujiulize ni magari mangapi yatabaki kwenye foleni ya Mombasa Road, barabara ya bure iliyo chini yake. Wakubwa watakuona unapoteza muda. Endelea tu.

Ardhi nayo usiichukulie mzaha. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuufikisha umeme kwenye kituo cha Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ilichelewa hadi 2018: mkandarasi Mhispania alifilisika, na fidia za ardhi zilikuwa zikisuasua. Mwekezaji alidai malipo ya umeme ambao haukumfikia mtu, na mkataba ulimpa haki hiyo. Wengi humlaumu yeye; mimi siwezi, yake aliyatimiza. Ukiuliza ni wangapi wameshalipwa fidia ukajibiwa "inaendelea", andika sufuri.

Kuna pia mapendekezo ambayo kampuni inaleta yenyewe bila kuitwa. Sheria ya ubia ya 2021 inayaruhusu, na si yote mabaya. Shida ni kwamba hakuna mshindani wa kulinganisha naye bei. Hesabu pekee mezani ni ya anayetaka kazi. Pendekezo la kampuni ya Kihindi ya Adani kwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, la miaka 30, wananchi walilijua nyaraka zilipovuja mwaka 2024. Wafanyakazi waligoma Septemba, na Novemba Rais Ruto akalifuta. (Usiri hauharakishi mradi, ingawa utaambiwa hivyo kila siku.) Dai hesabu huru, iliyolipiwa na upande wa umma, kabla ya mazungumzo ya bei.

Utaletewa pia muhtasari uutie sahihi saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Angalia kama ukurasa wa dhamana za serikali, yaani ahadi zake za kulipa mambo yakienda mrama, umo. Usipokuwemo, rudisha faili na uandike sababu juu ya jalada, kwa tarehe.