Ukifunza uandishi wa kiufundi, usiiache tafsiri hadi mwisho wa muhula

Kama unafunza watu kuandika maelekezo ya programu na mashine hapa Nairobi, leta tafsiri mapema. Walimu wengi huisukuma mwisho, ati kwanza wanafunzi wajue Kiingereza vizuri, tafsiri ni kazi ya mtu mwingine huko mbele. Sasa huyo wa mbele anapokea sentensi imeshaharibika.

Mimi huanza na meseji za simu, zile za nafasi tupu inayojazwa na programu yenyewe: "___ imetumwa." Nawaambia wajaze. Faili imetumwa, sawa, picha imetumwa, sawa, halafu mtu anaweka ujumbe, mwingine vitabu, na klasi yote inaangua kicheko: "ujumbe imetumwa", "vitabu imetumwa"! Hapo hata mtafsiri awe fundi namna gani hawezi kurekebisha ngeli akiwa amepewa nusu sentensi. Dawa iko kwa mwandishi: aandike sentensi nzima kwa kila kitu, ama aipange upya, "Tumetuma: ___", na ngeli haisumbui tena.

Kitu ingine hawaamini mpaka waone ni hesabu ya herufi. SMS moja inabeba herufi 160, lakini ukiweka alama moja tu isiyo kwa orodha ya kawaida ya simu, inashuka hadi 70. Kiswahili hupita salama, ila ile ritifaa ya ng'ombe ukiikopi kutoka Word huja imepinda, na iliyopinda haiko kwa orodha. Gĩkũyũ na Kikamba ndio balaa kabisa, ĩ na ũ ziko kila mahali, meseji moja inakatwa kuwa SMS kadhaa, na bili inapanda bila mtu kuelewa ni kwa nini.

Tarehe sitaki kurefusha. Waandike mwezi kwa jina, maana 3/4 hapa kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.

Zoezi ninalolipenda zaidi: mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza namna ya kubadilisha mtungi wa gesi, anapatia jirani atafsiri, na huyo mwandishi haruhusiwi kusema neno. Jirani anaandika maswali pembeni. Akifika mahali pameandikwa kitu kitolewe, bila kutajwa ni kitu gani, anakwama hapo hapo: kifuniko ni kitoe, regyuleta ni itoe, mtungi ni utoe. Kiingereza kilikuwa kimeficha hiyo yote, na kwa gesi bana, si mchezo.

Alama sitoi kwa tafsiri, natoa kwa mwandishi. Maswali yakipungua raundi ya pili, amepita.