Kwa mnaoanza utafiti wa kondo la nyuma

Wadogo zangu, wengi mnaingia kwenye kazi hii ya lishe ya mama na epijenetiki, yaani namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila mpangilio wa DNA kubadilika, mkiwa na hamu ya mashine. Mnataka kuona methili, zile alama ndogo za kemikali, zikisomwa kwenye DNA, jeni ipi imenyamazishwa na ipi inafanya kazi. Hamu nzuri. Lakini mashine husoma kilichowekwa ndani yake tu, na kilichowekwa hutegemea zaidi dodoso la chakula na leba.

Msingi mnaujua. Folati, kolini na vitamini B12 huuwezesha mwili kupata vikundi vya methili, navyo hubandikwa juu ya DNA bila kugusa mpangilio wake. Marekani, wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho waliopewa kolini miligramu 930 kwa siku walilinganishwa na wenzao wa 480; makondo yao yalitofautiana methili hata kwenye jeni zinazohusika na homoni za msongo. Mtasikia pia habari ya njaa ya Uholanzi ya 1944–1945 na jeni ya ukuaji, IGF2. Ile ilipimwa kwenye damu ya watu wazima waliokuwa tumboni wakati wa njaa hiyo, miongo sita baadaye. Msiitaje kana kwamba ni kondo.

Sasa chakula. Mama wa Tandika, hapa Dar es Salaam, ukimuuliza jana alikula nini, atasema ugali na mboga. Mboga gani? Mchicha, tembele, kisamvu? Ilichemka muda gani, na maji yake yalimwagwa? Folati haivumilii moto mrefu. Chapati na maandazi msivipuuze, maana unga wa ngano wa viwandani nchini huongezwa asidi ya foliki. Kuhusu vidonge vya FEFO (madini ya chuma na asidi ya foliki), swali si kama alipewa kliniki, ni kama alivimeza. Na akikuambia anakula udongo, usicheke wala usimhubirie. Andika kiasi, uendelee. Kwa hesabu za virutubisho tumieni majedwali ya vyakula vya Tanzania ya 2008, si programu ya kigeni isiyojua dagaa.

Kuna jambo linalowaponyoka hata wazoefu: muda. Methili nyingi hupangwa upya siku za mwanzo kabisa baada ya mimba kutungwa, ilhali mama wengi tunaonana nao mimba imeshakua. Jaribio kubwa la vitamini lililofanyika hapa Dar, lililochapishwa 2007, liliandikisha wajawazito 8,468 kati ya wiki ya 12 na ya 27. Watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8, faida isiyobezwa. Ila mlo wa mwezi wa sita hausemi mama alikula nini mwezi wa kwanza. Andikeni tarehe ya hedhi ya mwisho kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote.

Leba, bosi ni mkunga. Msimkatize akishughulika na damu ya mzazi. Ridhaa ombeni kliniki, kabla ya uchungu. Familia nyingi huzika kondo, kwa hiyo chukueni vipande vidogo na linalobaki lirudi kwao wakilitaka. Asiyetaka aachwe.

Kateni upande wa mtoto, katikati ya kitovu na ukingo, sehemu kadhaa. Ondoeni tabaka la mama, suuzeni damu, la sivyo mtapima mama mkidhani mnapima kondo. Kipande chenye mchanganyiko tofauti wa seli kitatoa tofauti ya methili hata kama chakula hakihusiki kabisa. Hapo ndipo makala nyingi huanguka. DNA huvumilia kuchelewa kiasi, RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) haivumilii, basi andikeni saa kondo lilipotoka na saa lilipogandishwa. Mtungi wa naitrojeni ya kimiminika ya kugandishia uwe umejaa kabla hamjafika wodini, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iwe na jenereta inayowaka kweli umeme ukikatika.

Mama akiuliza kama chakula chake kimemharibu mtoto, mwambieni utafiti huu hausemi hivyo, kwa sababu hausemi.

Siku ya kupakia mashine, changanyeni sampuli za watoto waliozaliwa na uzito mdogo na mkubwa kwenye kila sahani ya mashine, ili tofauti ya sahani isidhaniwe kuwa tofauti ya watoto.