Njumu za mlango kutokana na maganda ya risasi

Ndugu yangu, umeuliza iwapo maganda matupu ya risasi aliyoyaacha marehemu babu yako yanaweza kufuliwa njumu, yaani vile vichwa vya shaba vya urembo, za mlango wenu wa Mji Mkongwe. Yanafaa sana, kwa kuwa kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba ya manjano yenye takribani asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, mchanganyiko unaostahimili kuvutwa na kukunjwa.

Kwanza mfua shaba akague kitako cha kila ganda: fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti kilichopo kitakoni, ikiwa imekwisha kulipuka huwa na alama ya kubonyea katikati, na isiyo na alama hiyo isikaribie moto kabisa, bali ipelekwe polisi.

Shaba hii hukakamaa kila inapogongwa, hivyo ikianza kurudisha nyundo ipashwe moto hadi iwe na wekundu hafifu unaoonekana kivulini, kisha itumbukizwe majini. Tofauti na chuma cha visu, ambacho hukakamaa kikipozwa hivyo, shaba hii hulainika. Kuiyeyusha sikushauri, kwani zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku wake. Wala msifanyie vikombe vya kahawa, maana masizi ya fataki mara nyingi yana risasi, ile madini yenye sumu.